Stori isiyoisha: tafuta chanzo kabla ya kushika mkasi

Katika timu ya programu, kazi huandikwa kwenye kadi kama stori, yaani hitaji moja la mtumiaji kwa maneno machache, na hufanywa kwa sprinti, vipindi vifupi vya urefu uleule. Kadi ikikaa ubaoni sprinti ya tatu mfululizo, kila mtu kwenye timu huwa na dawa ileile: igawanyeni. Basi inagawanywa. Wiki mbili baadaye kadi moja iliyokwama imezaa kadi tano zilizokwama, na mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kijengwe kwanza, anauliza kwa nini ubao umejaa hivyo.

Ukubwa wa stori mara nyingi ni dalili tu. Chanzo kinaweza kuwa kanuni za biashara zilizojificha ndani ya sentensi moja, mfumo wa nje ambao timu haijaujua vizuri, watu walioshika kazi nyingi mno kwa pamoja, au mkato wa zamani uliopita mahali pabaya. Kila chanzo kina mahali pake pa kukata, na kimoja hakitaki kukatwa kabisa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo, kwa kuwa ushauri wa kugawanya stori usio na stori yenyewe haumsaidii mtu. Tuseme Sacco ya wafanyabiashara wa soko nchini Kenya inataka wanachama wake walipe michango kwa M-Pesa. Kadi imeandikwa kwa mtindo ulioanzia kampuni ya Connextra huko London mwaka 2001, ambao siku hizi umeenea kila mahali:

"Kama mwanachama, nataka kulipa mchango wangu kwa M-Pesa na kuona salio langu, ili nisifunge kibanda kwenda ofisini."

Ukiisoma haraka utaona ni kazi ya wiki moja.

Kwanza kabisa: hesabu kazi zilizo mkononi

Anzia hapa, maana huu ndio uchunguzi wa bei nafuu kuliko yote. Hesabu kadi zilizoanzwa ambazo hazijaisha, kisha uangalie timu humaliza kadi ngapi kwa wiki. Gawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili. Kanuni hii ilithibitishwa kihisabati na John Little mwaka 1961, na inafanya kazi kwa foleni ya benki sawasawa na kwa ubao wa timu. Kadi 12 zilizo mkononi, kwa timu inayomaliza 3 kwa wiki, maana yake kila kadi huchukua wastani wa wiki 4 tangu kuanzwa hadi kuisha, hata kama kazi yenyewe ni ya siku mbili.

Ukikuta hali hiyo, weka mkasi chini. Stori haina tatizo. Tatizo ni kwamba kila mwanaprogramu amefungua kadi tatu na anarukaruka kati yake kila mmoja akisubiri mwenzake amkague. Ukigawanya kadi hizo utakuwa umerefusha foleni tu. Zuieni kuanza kazi mpya mpaka zilizopo zipungue, muwekeane kikomo cha kadi zinazoruhusiwa kuwa mkononi, kisha mwangalie tena baada ya sprinti moja. Timu nyingi zinazolalamika kuhusu stori kubwa zingepona kwa hatua hii peke yake.

Kama hesabu yako ni nzuri na kadi bado hazisogei, endelea na dalili zinazofuata.

Dalili: kadi zimeisha, lakini hakuna cha kuonyesha

Siku ya kuonyesha kazi imefika. Upande wa "imekamilika" umejaa, na bado kiongozi wa timu anafungua hifadhidata ili mwenyekiti wa Sacco aone jedwali lenye safu saba. Mwenyekiti anaitikia kwa adabu, kisha anauliza chai iko wapi.

Soma majina ya kadi. Ukikuta "jedwali la malipo", "API ya malipo", "skrini ya malipo" na "kuunganisha M-Pesa", umeshapata chanzo. Stori imekatwa kwa kufuata ujuzi wa watu: kila mmoja alichukua tabaka analolifahamu. Mkato huu unavutia kwa sababu kila mtu anapata kazi tangu asubuhi ya kwanza, na hakuna anayelazimika kuzungumza na mwenzake mpaka wiki ya mwisho. Hapo ndipo unapouma. Tabaka haziwezi kujaribiwa mpaka ziungane, na siku ya kuungana ndiyo siku ya kugundua kwamba skrini inapeleka nambari ya simu inayoanza na 07 ilhali Daraja, API ya Safaricom (mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na M-Pesa), inaitaka ianze na 254. Kila upande umetimiza kadi yake barabara, na malipo hayapiti.

Kata kwa wima, kipande chembamba kinachoanzia kwenye skrini na kushuka hadi hifadhidata. Njia ya kujua kama umekata vizuri ni swali moja: kipande hiki kikizinduliwa peke yake Jumatatu, ni nani atakayekitumia, na atafanya nini ambacho leo hawezi? Jedwali la malipo halina jibu. Hebu tuone vipande vyenye jibu.

Kipande cha kwanza: mwanachama anaingia na kuona salio lake kama lilivyo kwenye vitabu vya mhasibu, ambaye analipakia mara moja kwa siku kutoka kwenye lahajedwali lake. Hakuna malipo hapa. Kuna watakaopinga kwamba hiyo siyo stori tuliyoombwa. Lakini kwa mwanachama anayefunga kibanda ili tu kuuliza salio, safari imekwisha leo.

Kipande cha pili: mwanachama analipa kwa Paybill, nambari ya Sacco ya kupokea malipo ya M-Pesa, kupitia menyu ya simu yake kama alivyozoea, na anapoulizwa nambari ya akaunti anaandika nambari yake ya uanachama. Karani anafungua taarifa ya Paybill, anaingiza nambari ya muamala na kiasi kwenye mfumo, na salio linabadilika mbele ya macho ya mwanachama. Karani anafanya kwa mkono kazi ambayo baadaye itafanywa na programu. Wanaprogramu hawakipendi kipande hiki kwa kuwa kinaonekana cha kishamba. Mimi ndicho ningekifanya mapema kuliko vyote, kwa sababu kinajaribu jambo gumu zaidi katika mradi mzima: je, nambari za uanachama walizo nazo watu vichwani zinalingana na zilizo vitabuni? Kama hazilingani, heri ulijue sasa kupitia karani anayeweza kupiga simu na kuuliza, kuliko kulijua baadaye kupitia programu isiyouliza mtu.

Kipande cha tatu kinamwondoa karani katikati: taarifa za malipo ya Paybill zinaingia zenyewe kwenye seva. Cha nne ndicho STK Push, lile ombi linalotokea kwenye simu na kumtaka mwanachama aweke PIN tu.

Angalia mpangilio huo. Timu nyingi huanza na STK Push kwa kuwa ndiyo inayong'aa kwenye maonyesho, halafu zinatumia mwezi mzima zikihangaika na kitu ambacho, kwa mwanachama, kinampunguzia hatua chache za menyu. Thamani kubwa ilikuwa kwenye kipande cha pili, ambacho hakikuhitaji Daraja hata kidogo.

Alistair Cockburn ana jina la kipande cha kwanza cha namna hii: kiunzi kinachotembea. Ni mfumo mwembamba unaofanya kazi moja ndogo lakini unagusa sehemu zote kuu. Usikichanganye na mfano wa kuchora wa kutupwa baadaye. Kiunzi ni programu halisi, ina majaribio yake, na vipande vingine vinaota juu yake.

Dalili: "bado kidogo tu"

Kila asubuhi kwenye kikao cha kusimama jibu halibadiliki. Jumatatu bado kidogo, Jumatano bado kidogo, Ijumaa bado kidogo na mtu ameanza kukasirika. Mara chache sana huo ni uvivu. Njia ya kawaida ilikamilika siku ya pili. Kinachokula muda ni njia za pembeni ambazo kadi haikuzitaja.

STK Push ni mfano mzuri wa mahali njia hizo zinapojificha. Ukituma ombi, Daraja hujibu papo hapo kwa msimbo 0, na anayesoma haraka hudhani pesa imelipwa. Hiyo 0 inasema tu kwamba ombi limepokewa. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani uliyoitaja ndani ya ombi, na hapo ndipo 0 humaanisha malipo yamefanyika. Msimbo 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mwenye simu ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana, au mwenyewe hakujibu kwa wakati. 2001 mara nyingi ni PIN iliyokosewa. Kisha kuna hali isiyo na msimbo wowote: jibu halikufika kwa sababu seva yako ilikuwa imezimika dakika ileile, na sasa hujui kama pesa imetoka au haijatoka. Na kinyume chake pia kipo, jibu lilelile kufika mara mbili, na mwanachama aliyelipa shilingi 500 akajikuta na 1,000 kwenye salio. Huyo hatapiga simu kulalamika, kwa hiyo ni mhasibu atakayegundua, mwisho wa mwezi.

Yote hayo yalikuwa ndani ya maneno mawili, "kulipa kwa M-Pesa".

Hapa mkato unafuata njia. Kadi ya kwanza ibebe njia moja tu: PIN sahihi, salio la kutosha, jibu limefika. Hali nyingine zote zipate ujumbe mmoja kwa sasa, "Malipo hayajathibitishwa. Usilipe tena kabla ya kuangalia salio lako," na karani aendelee kushughulikia yaliyobaki kwa mkono. Hayo ndiyo manufaa ya kutomfukuza karani mapema.

Kadi zinazofuata usizipange kwa misimbo, kadi moja kwa kila nambari. Zipange kwa swali la pesa imesogea au haijasogea. Kughairi, salio pungufu na PIN mbaya ni familia moja: pesa haijatoka, mwanachama anaambiwa sababu, anajaribu tena. Hizo zinaweza kukaa kwenye kadi moja, na zikichelewa wiki mbili hakuna aliyeumia. Jibu lisilofika ni mnyama mwingine, kwa kuwa pesa huenda imetoka. Mfumo unalazimika kuuliza wenyewe hali ya muamala baada ya muda fulani, na kadi hiyo iishe kabla hujawafungulia wanachama wote. Vivyo hivyo jibu linalojirudia, ambalo tiba yake ni ndogo: nambari ya muamala ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ikija mara ya pili ikataliwe kimyakimya.

Kuna njia ya haraka ya kunusa stori za aina hii kabla hazijaingia kwenye sprinti. Tafuta viunganishi: na, au, pia, isipokuwa. Kadi yetu ina "kulipa na kuona", na tumeshaona kwamba kuona kulisimama peke yake. Vitenzi vipana ndivyo vibaya zaidi. "Kusimamia mikopo" ni kuomba, kudhamini, kuidhinisha, kukataa, kutoa pesa, kupokea marejesho, kuahirisha na kufuta, na kila kimoja kina mhusika wake. "Kuboresha" hakina mwisho kabisa. Kadi yenye kitenzi hicho irudishwe kwa aliyeiandika.

Dalili: mmoja anasema 2, mwingine anasema 13

Timu inacheza karata za makadirio, kila mmoja akichagua nambari ya ukubwa wa kazi anaouona, zinageuzwa kwa pamoja, na nambari hazikaribiani. Desturi mbaya ni kuchukua ya katikati na kuendelea. Nambari mbili zinazopishana hivyo zinakwambia kwamba watu wawili wanaona stori mbili tofauti, na ukichukua ya katikati utakuwa umekadiria stori ya tatu ambayo haipo.

Muulize aliyesema 13 anaogopa nini. Jibu lake litaangukia upande mmoja kati ya pande mbili, na tiba zake hazifanani.

Upande wa kwanza ni kutojua kanuni. "Mwanachama akituma shilingi 1,000, na anadaiwa mchango 500, faini 100 na rejesho la mkopo 2,000, nini kinalipwa kwanza?" Hakuna mwanaprogramu anayepaswa kulijibu hilo, na akilijibu mwenyewe kimyakimya ndani ya programu, Sacco itakuwa imepata sera mpya ambayo hakuna mkutano mkuu ulioipitisha. Kwa hali hii ninaipenda mbinu ya ramani ya mifano aliyoieleza Matt Wynne mwaka 2015. Mwenye bidhaa, mwanaprogramu na mjaribu wanakaa kwa dakika kama 25 wakiwa na kadi za rangi nne: njano kwa stori, bluu kwa kila kanuni, kijani kwa mfano mmojammoja wa kanuni hiyo, nyekundu kwa kila swali lisilo na jibu mezani. Zinapangwa chini ya kadi ya njano na picha inajionyesha. Nyekundu zikiwa nyingi, stori haijaiva, irudi kwa mwenye bidhaa akatafute majibu. Bluu zikiwa nyingi, umeshaonyeshwa pa kukatia: kila kanuni inaweza kuwa kipande chake.

Kwa mfano wetu kipande cha kwanza cha malipo kingekuwa na kanuni moja: pesa yote inayopitia njia hii inahesabiwa mchango, na mikopo inaendelea kulipiwa ofisini kama kawaida. Kanuni ya kugawa malipo ije baada ya kamati kukaa. Haina haraka kuliko kamati.

Upande wa pili ni kutojua teknolojia. "Tutamtambua mlipaji kwa nambari ya simu iliyo kwenye taarifa ya malipo, au lazima tutegemee nambari ya uanachama aliyoandika mwenyewe?" Kukaa mezani na kubishana hakutaleta jibu, mtu aende akajaribu. Watu wa Programu ya Kupindukia (Extreme Programming), ile mbinu ya Kent Beck ambamo stori za watumiaji zilizaliwa miaka ya 1990, huiita kazi hiyo spaiki: uchunguzi wenye kikomo cha muda, ambao zao lake ni jibu. Mpe mtu siku moja na mazingira ya majaribio ya Daraja, arudi na jibu lililoandikwa, na programu aliyoiandika aitupe. Hiyo ya kutupa watu huikataa, halafu miezi sita baadaye inakutwa ikiendesha malipo ya kweli.

Spaiki ina ulevi wake. Ukiona stori moja inaingia spaiki ya tatu, timu inakwepa kitu. Mara nyingi inakwepa kumwambia mwenye bidhaa kwamba jibu la spaiki ya kwanza lilikuwa "haiwezekani".

Dalili: mjaribu amekaa wiki nzima, kisha anakesha

Hii ni fupi. Kadi zote zinafika kwake Alhamisi jioni kwa sababu kila moja ina urefu wa sprinti yenyewe. Zikiwa nne kwa wiki mbili na zote zimeanza Jumatatu, zitamfikia kwa pamoja hata mpange vipi. Kata hadi kadi ya kwanza iweze kumfikia katika siku ya pili au ya tatu.

Kama kadi ni ndogo na bado hali ni hiyo, basi mjaribu hakuwepo wakati wa kukata. Ron Jeffries aliipa stori sehemu tatu mwaka 2001: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Sehemu ya tatu ndiyo ya mjaribu, na swali lake, "nitajuaje kwamba imeisha?", ndilo kisu kikali kuliko vyote mezani. Akianza kuorodhesha masharti na orodha ikakataa kuisha, mmeshaona mahali pa kukata bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Dalili: vipande vinangojeana

Bill Wake alitoa mwaka 2003 kipimo cha INVEST chenye sifa sita za stori nzuri: ijitegemee, ijadilike, iwe na thamani, ikadirike, iwe ndogo, ipimike. Ya kwanza ndiyo inayovunjwa zaidi. Kabla ya kukubali kwamba kipande B kinangoja kipande A, tofautisha mazoea na ulazima. Timu itasema historia ya malipo haiwezi kuanza kabla malipo hayajaanza. Lakini karani anaingiza malipo tangu kipande cha pili, kwa hiyo historia ina cha kuonyesha tayari. Kilichoizuia ni mpangilio wa vichwani mwetu, ambamo kwanza mtu hulipa, kisha huona.

Kuna kungoja ambako ni kwa kweli, na mara nyingi kuko nje ya timu. Kwenye Daraja unaweza kujaribu STK Push kwa nambari ya majaribio 174379 bila kibali cha mtu. Kuhamia kwenye Paybill halisi kunataka nyaraka za Sacco, sahihi za wenye mamlaka, na majibu kutoka kwa watu wasiohudhuria vikao vyenu. Kazi hiyo ikiandikwa ndani ya stori, stori itakaa ubaoni ikiwa nyekundu na hakuna mwanaprogramu anayeweza kuisukuma. Itoe humo. Iwe kazi ya mtu mmoja mwenye jina, ianze siku mradi unapoanza, na stori ihesabiwe imeisha inapofanya kazi kwenye mazingira ya majaribio huku swichi ya kuiwasha kwa wanachama ikiwa bado imezimwa. Kuna wanaosema stori haijaisha mpaka mtumiaji aishike. Nawaelewa. Lakini ubao usioweza kutofautisha "tumekwama" na "tunangoja ofisi ya watu" hauwasaidii chochote.

Dalili: mwenye bidhaa hataki kusikia habari ya vipande

"Mwenyekiti, tungeanza na kuona salio tu, wiki ijayo wanachama walione."

"Kijana wangu, mimi nimewaahidi malipo. Mkinipa salio, hayo malipo nitayaona lini?"

Swali lake ni halali kabisa, na anayelijibu kwa kumfundisha Ajaili (Agile), mtindo wa kujenga programu kwa vipande vidogo, hajamsikia. Watu waliowahi kuahidiwa "awamu ya pili" wanajua kwamba awamu ya pili huwa haiji. Kwake yeye, kukubali kipande ni kukubali kupoteza kilichobaki.

Dawa yake ni kumwonyesha vilivyobaki vyote mahali pamoja. Ramani ya stori ya Jeff Patton inafaa hapa: hatua za mwanachama zinapangwa kwa mlalo, kuingia, kuona salio, kulipa, kupata risiti, kuomba mkopo, na chini ya kila hatua unapanga namna za kuifanya, ya chini kabisa ikiwa ya kifahari zaidi. Kisha mnachora mstari. Vilivyo juu ya mstari ni vya mwezi huu. Vilivyo chini havijatupwa. Viko pale ukutani, anaviona, na ana haki ya kusogeza mstari. Mpe karatasi azisogeze mwenyewe. Mtu akishika kadi mbili na kulazimika kuchagua ipi ije juu, hupunguza mambo haraka kuliko timu yote ikimbembeleza.

Akikataa bado, kata kwa watu badala ya kukata kazi. Malipo kamili, lakini kwa wajumbe wa kamati peke yao mwezi wa kwanza. Hapo huhitaji kushughulikia wanachama walio na akaunti mbili, wala waliofariki na warithi wao hawajaandikishwa, wala wanaolipiwa na ndugu aliye nje. Data ya wajumbe tisa unaweza kuisafisha mchana mmoja. Na mwenyekiti, akiwa mjumbe wa kwanza kulipa, atakuletea kasoro ambazo mjaribu hakuziota.

Dalili: vipande vimekuwa unga

Ukishaonja dawa ya kugawanya, ni rahisi kuizidisha. Ubao una kadi 40, mojawapo ni "kuongeza kitufe", nyingine ni "kitufe kifanye kazi". Kikao cha kupanga kinachukua nusu siku. Mwenye bidhaa ameacha kuja kwa sababu hatambui hata kadi moja.

Hapo mmeshuka kutoka kwenye stori mkaingia kwenye hatua za kazi. Hatua za kazi hazina ubaya, ila mahali pake ni ndani ya kadi, kwenye orodha ya mwanaprogramu, na hakuna haja ya kuzikadiria wala kuzionyesha. Lile swali la Jumatatu linafanya kazi upande huu pia: kitufe kisichofanya kazi hakina wa kukitumia, basi kirudishwe kwenye kadi ya jirani. Kwa timu nyingi kadi ya siku moja hadi tatu inatosha. Ukiona kuandika kadi kunakaribia muda wa kuifanya, acha kukata, ifanyeni.

Na si kila kazi ni stori. Kuhamisha hifadhidata kwenye seva mpya, kubadilisha cheti cha usalama kabla hakijaisha muda, kusafisha nambari za uanachama zilizojirudia: timu huzilazimisha kwenye mtindo wa "kama mwanachama, nataka hifadhidata mpya", jambo ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kulitaka. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Scrum, utaratibu wa kazi ulioenea wenye sprinti na mwenye bidhaa, hautaji stori za watumiaji hata mara moja. Unazungumzia vitu vya orodha ya kazi tu, vya namna yoyote. Kazi ya namna hiyo iandikwe kwa jina lake, iwe na sababu na tarehe, na ikatwe kwa kipimo chake: nambari za uanachama za soko moja wiki hii, soko la pili wiki ijayo, na karani akikague kila kipande kabla kinachofuata hakijaanza.